Mashindano ya Safari: Barabara zetu zilijenga magari ya wenzetu, sisi tulibaki na nini?

UCHAMBUZI

Na Mwandishi Wetu, Singida

TANGU mwaka 2021, macho ya wapenzi wa mbio za magari duniani yamekuwa yakielekezwa Naivasha, nchini Kenya, ambako Mashindano ya Safari yalirejea katika kalenda ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana kwa miaka 19.

Kwa Watanzania wengi waliozaliwa baada ya mwaka 1980, hayo ni mashindano ya Wakenya. Historia inasema vinginevyo.

Yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakiwa ni maadhimisho ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalihusisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Mwaka 1972 magari yalianzia na kumalizia mbio Dar es Salaam.

Miaka miwili baadaye, yaani 1974, mashindano yakabaki Kenya pekee na kuitwa Safari Rally. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Tangu hapo nafasi ya Tanzania katika mbio hizo kubwa haikurudi tena.

Katika kata ya Mgori, mashariki ya mji wa Singida kuelekea upande wa Kondoa, hoja hii inaweza kuonekana kuwa ya watu wa mbali wenye fedha za kuchezea. Hata hivyo, ni katika barabara za udongo zinazofanana na za Mgori ndipo mashindano hayo yalipojipatia sifa, na ni humo wahandisi wa Ulaya na Japani walipojifunza mambo ambayo maabara zao hazikuweza kuwafundisha.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika mwisho saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na kwa mara nyingine yakafika saba. Katika miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404.

Kati ya ushindi wao huo wa mara mbili, yupo mtu ambaye Tanzania ina haki ya kumkumbuka. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam mwenye asili ya Uskoti, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, naye pia kwa Peugeot 404.

Gari hilo halikuwa la ajabu. Lilikuwa gari la familia, lenye springi ndefu zilizoruhusu gurudumu kupanda na kushuka bila bodi kugonga chini, na umbo lililohimili kutikiswa kwa siku kadhaa mfululizo. Volkswagen, iliyoshinda mwaka 1954, 1957 na 1962, ilibeba injini nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma gari, hivyo uzito ukaisaidia kupata mshiko kwenye tope. Injini yake ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuwa na rejeta ya kupasuka porini.

Fundi yeyote wa gereji za Singida anaufahamu ugonjwa ambao wahandisi hao walikuwa wakiutafutia dawa. Barabara ya udongo ikikauka hujitengenezea mawimbi madogo magumu. Gari likiyapita kwa muda mrefu, mafuta ndani ya shokapu hupata joto na kuwa mepesi, shokapu hushindwa kuzuia springi isirukeruke, na dereva hupoteza udhibiti. Wakati huohuo vumbi huziba chujio la hewa, mawe hutoboa sampu ya oili, na mto ukifurika maji huingia kwenye injini.

Majibu ya magari ya Safari yalikuwa shokapu kubwa zaidi, bamba la chuma chini ya injini, vyuma vya kinga mbele dhidi ya wanyama, na bomba la kuvuta hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Kila nyongeza iliongeza uzito, na uzito hupunguza kasi. Ushindi ulikuwa kujua ni kasi kiasi gani inafaa kutolewa sadaka ili gari lifike.

Somo hilo lilijidhihirisha katikati ya miaka ya 1980. Magari yenye nguvu kubwa ya kundi la B, kama Audi Quattro na Peugeot 205 yaliyosukumwa na magurudumu yote manne, yalitawala Ulaya. Katika Safari ya 1984, 1985 na 1986 yalishindwa na Toyota Celica, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Audi ilipopata ushindi wake mwaka 1987, ilitumia Audi 200, gari kubwa na zito la abiria.

Joginder Singh wa Kenya ni mfano mwingine. Alikuwa fundi aliyekulia katika gereji ya baba yake, na mwaka 1965 alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, ushindi ulioipatia kampuni hiyo ya Japani jina kubwa.

Hapa ndipo penye uchungu wa hoja hii. Viwanda vilipata jina, na jina hilo likauza magari katika soko letu. Barabara zilizotumika kuyapima zilibaki kama zilivyokuwa, au zilisubiri miaka mingi. Barabara ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa ilizinduliwa ikiwa na lami mwezi Aprili 2018.

Kenya imechagua njia yake. Serikali ilitia mkono kuyarejesha mashindano, na mbio za sasa zina zaidi ya kilomita 300 za kushindania muda, katika njia zilizofungwa, wakati zile za zamani zilikuwa karibu kilomita 5,000 katika barabara zilizo wazi kwa watu na mifugo. Toyota ilishinda mara tano mfululizo kati ya 2021 na 2025.

Tanzania nayo imewahi kuandaa raundi za ubingwa wa magari wa Afrika. Si ajabu basi kusikia hoja kwamba mikoa ya kati, yenye njia ndefu za udongo, ifunguliwe kwa mchezo huu. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, lakini haipaswi kukubaliwa kwa macho yaliyofumbwa.

La kwanza ni usalama. Mwezi Machi 1986 nchini Ureno gari la mashindano liliacha njia na kuua watazamaji watatu. Miezi miwili baadaye Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa Corsica, na magari ya kundi la B yakapigwa marufuku. Katika vijiji ambako barabara ndiyo njia ya mtoto kwenda shule na ya ng'ombe kwenda majini, kufunga njia si jambo la kutangaziwa wananchi siku moja kabla.

La pili ni msitu. Msitu wa Mgori una zaidi ya hekta 40,000, na tangu katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka vimejulikana kwa kuulinda vyenyewe. Njia yoyote ya mashindano itakayokaribia msitu huo ianzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

La tatu ni matengenezo. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za namna hii. Waandaaji wakitaka kuzitumia, mkataba useme wazi ni kalvati ngapi zitajengwa, na nani atachonga barabara baada ya magari kuipasua.

La nne ni ujuzi. Vijana wa vyuo vya ufundi na gereji za mkoani wapewe nafasi ndani ya timu, wafungue gia boksi na kusuka shokapu, badala ya kusimama nyuma ya kamba wakipiga makofi.

Masharti hayo manne yasipokubaliwa, mkulima wa alizeti wa Mgori hatakuwa na sababu ya kuyapisha magari hayo. Kwake barabara ni gharama ya gunia kufika sokoni, na gharama hiyo ndiyo kipimo cha kama mbio hizo zimemfaa au zimempita.