Hodi, huku umeshakaa sebuleni?

Ramadhani hapa, Njombe. Niko likizo na baridi ndo kama mnavyoijua. Kabla hatujafunga chuo jamaa mmoja wa darasani alidai sheria za kimataifa zinawabembeleza wauaji. Leo nabisha.

Mkataba wa Roma, ibara ya 101, unasema mtu akikabidhiwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yaani ICC, anashtakiwa kwa yale tu aliyokabidhiwa kwayo. Ibara ya 108 inamlinda aliyehukumiwa: nchi anakotumikia kifungo isimshtaki kwa mambo ya nyuma mpaka mahakama iridhie. Ni kama kuazima jembe la palizi. Ukitaka kulichimbia choo, unarudi kwa mwenyewe kwanza.

Sasa chukua kesi ya Germain Katanga, mbabe wa vita wa Ituri, Kongo. Alifikishwa The Hague Oktoba 2007. Mwaka 2014 akapigwa miaka 12 kwa kuchangia uhalifu wa kijiji cha Bogoro, Februari 2003. Kifungo kikapunguzwa, Desemba 2015 akarudishwa Kinshasa amalizie, mwisho 18 Januari 2016. Siku ikafika, hakutoka! Februari akapandishwa mahakama ya kijeshi kwa tuhuma nyingine. Ridhaa ya ICC ikaja tarehe 7 Aprili. Yaani mtu anapiga hodi ameshakaa sebuleni, na mwenye nyumba anaitikia "karibu"!

Mtasema, kwani damu nyingine ya Ituri ni maji? Hapana jamani. Sipingi Katanga kushtakiwa, Kongo ilikuwa na haki ya kuomba. Ninachopinga ni kuanza kwanza na kuomba baadaye. Kongo iliahidi hatauawa, sawa, lakini majaji walipaswa kusema: futeni mlichoanza, kisha anzeni upya kwa utaratibu. Wafiwa wanastahili kesi ambayo wakili hawezi kuitoboa kirahisi.

Halafu fikiria mbabe mwingine aliyeko porini. Akiona ahadi ya maandishi inachezewa hivi, kwa nini ajisalimishe? Atabaki na bunduki yake, na wanaokufa ni wanakijiji.

Tanzania nayo imo kwenye mkataba huu tangu 2002, kwa hiyo tusijifanye ni shida ya Wakongo tu. Sheria inayomlinda mtu tunayempenda haijapimwa bado. Inapimwa kwa tunayemchukia.

Mwenye hoja aje nayo, matusi abaki nayo.