Ziara ya Rhodes na Kos: Tusiridhike na Hadithi Nusu



Ndugu wasomaji, familia zetu zinazoishi Ulaya na wanafunzi wetu wanaosoma Uturuki huuliza swali moja kila likizo inapokaribia. Je, ziara ya kutwa ya visiwa vya Ugiriki inafaa kwa Muislamu? Wengine wameshaambiwa kwamba kule ni pombe na watu nusu uchi ufukweni, basi. Wengine wameona bei nafuu na wanataka kujua kama watapata chakula cha halali.

Jibu langu ni kwamba inafaa, na visiwa viwili ninavyovipendekeza ni Rhodes na Kos, siku moja kila kimoja. Lakini nina sharti. Msimwachie mwongoza watalii kazi yote ya kuwafundisha watoto wenu.

Ziara zenyewe huwa hivi. Kutoka Marmaris, Uturuki, boti ya mwendo kasi hufika Rhodes kwa muda wa saa moja hivi. Kutoka Bodrum hadi Kos ni chini ya saa moja. Wengine hufika kwa meli kubwa za kitalii zinazotia nanga asubuhi na kung'oa jioni. Mkishuka mnakuta mwongozaji ameinua kibendera, mnamfuata kama vifaranga. Rhodes mtaonyeshwa bandari ya Mandraki, Kasri la Mkuu wa Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, na mtaa wa mawe uliokuwa na nyumba za wapiganaji hao wa msalaba, kisha mnaachiwa muda wa kununua sabuni ya mafuta ya zeituni. Kos mtaonyeshwa mti wa Hippocrates na magofu ya Asklepieion, halafu chakula cha mchana.

Na Waislamu je? Katika ziara niliyofuatana nayo mimi tulipewa sentensi moja: Waturuki waliiteka Rhodes mwaka 1522, wakaondoka mwaka 1912. Mwongozaji alisema hayo akiwa ameupa mgongo msikiti wenye mnara mrefu kuliko majengo yote ya mtaa ule.

Kwanza, kati ya 1522 na 1912 ni miaka 390. Hicho si kipindi cha kupitwa kwa sentensi moja. Pili, aliyeondoka mwaka 1912 ni mtawala, wala si watu wote. Italia ilivichukua visiwa hivi katika vita vyake na dola ya Uthmania. Mwaka 1923, kwa makubaliano ya Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilibadilishana raia kwa nguvu. Wakristo wapatao milioni 1.2 walihamishwa Uturuki, na Waislamu zaidi ya 350,000 wakahamishwa Ugiriki. Dini ya mtu ndiyo iliyotumika kama kipimo. Msikiti wa kijiji ukabaki hauna wa kuuadhinia huku, na kanisa likabaki halina wa kulipigia kengele kule. Waislamu wa Rhodes na Kos walinusurika kwa sababu moja tu: visiwa vyao vilikuwa chini ya Italia, havikuwa vya Ugiriki. Viliingia Ugiriki baada ya mkataba wa mwaka 1947, na watu hao wakaingia navyo.

Wako hadi leo, elfu chache, raia wa Ugiriki wanaozungumza Kigiriki na Kituruki. Na hapa ndipo penye uchungu ambao watalii hawaambiwi. Mkataba wa Lausanne unawatambua Waislamu wa Thrace ya Magharibi, kule bara, kuwa jamii ya wachache yenye haki zake za shule na za dini. Serikali ya Ugiriki inasema haki hizo haziwahusu Waislamu wa visiwani, kwa kuwa mwaka 1923 hawakuwa Ugiriki. Jambo lile lile lililowaokoa na kufukuzwa ndilo linalowanyima ulinzi. Masomo ya Kituruki katika shule zao yalikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kifungu cha 19 cha sheria ya uraia, kilichofutwa mwaka 1998, kiliruhusu raia asiye na asili ya Kigiriki avuliwe uraia akihesabiwa kuwa ameondoka bila nia ya kurudi. Mwaka 2012 Bunge la Baraza la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu hali yao. Kwa hiyo si masuala ya kale haya.

Nirudi kwenye lile kasri, maana lina somo zuri kwa wanafunzi. Watu hulipiga picha wakidhani wanatazama jengo la karne ya 14 lilivyosimama tangu siku hizo. Sehemu kubwa ya wanachokiona ilijengwa upya na Waitalia mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Mussolini. Hata zile sakafu za nakshi za vijiwe ambazo watu huzipita taratibu wakizistaajabia hazikuwa zake. Zilichukuliwa kisiwani Kos! Na katika mtaa wa wapiganaji, Waitalia waliziondoa roshani za mbao zilizoongezwa enzi za Uthmania ili mtaa uonekane wa zama za msalaba tu. Yaani ile hadithi nusu haikuanza na mwongozaji wetu masikini. Kuna waliokaa wakachagua kipi kibaki na kipi kiondoke, nasi leo tunalipa kiingilio kuutazama uchaguzi wao.

Lakini tuwe waadilifu, kwani nusu ya pili ya kosa iko kwetu. Siku hizi kuna ziara za "halali" ambazo nazo hukata hadithi, ila kwa upande wa pili. Humo utasikia ushindi wa Sultani Suleiman mwanzo hadi mwisho, takbir juu ya takbir. Ni kweli Suleiman aliwaruhusu wapiganaji waliosalimu amri waondoke salama na silaha zao, na hilo ni jambo la kusimuliwa. Mbona hatusimulii pia kwamba Wagiriki wa Rhodes walitakiwa wahamie nje ya kuta za mji, na kwamba kanisa la Mtakatifu Yohana lilifanywa msikiti? Mtoto wa Kigiriki anayekua na habari hizo ana haki ya kuzisema. Mtoto wetu akizisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanafunzi mwenzake darasani, atahisi wazazi wake walimficha. Uadilifu katika kutoa habari, hata zinazotugusa sisi wenyewe, tumeamrishwa.

Mna swali la kumuuliza mwongozaji mkifika mtaa wa Wayahudi katika Mji Mkongwe wa Rhodes. Sinagogi yao pale ni ya mwaka 1577. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi zaidi ya 1,700 wa Rhodes na Kos, wakawapeleka Auschwitz, na waliorudi hai walikuwa wachache mno. Balozi mdogo wa Uturuki pale, Selahattin Ülkümen, aliokoa makumi yao kwa kudai kwamba wana uraia wa Uturuki. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya karibu zaidi ya kusimama katika mtaa ule. Wayahudi wengi wa Rhodes walikuwa wamehamia Katanga kutafuta maisha kabla ya vita. Baba yake Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, alikuwa Myahudi wa Rhodes. Watu wa Lubumbashi hawatashangaa, lakini watoto wetu wengi hawajui kwamba kijisiwa hiki cha Ugiriki kina ndugu katika miji inayosema Kiswahili.

Sasa, huo muda wa kununua sabuni mnaweza kuutumia vizuri zaidi. Pandeni mtaa wa Sokratous hadi juu kabisa mpaka msikiti wa Suleymaniye, wenye rangi ya waridi, uliojengwa upya mwaka 1808. Haswaliwi humo sala za kila siku, mtautazama kwa nje. Mkabala nao kuna maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, iliyoanzishwa kama wakfu mwaka 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kifarsi na Kituruki. Mimi ningekuwa na saa moja tu Rhodes ningeitumia hapo, kasri lisubiri. Mtoto akiona misahafu iliyoandikwa kwa mkono, iliyowekwa wakfu na mtu binafsi kwa ajili ya wasomaji wa mji wake, ataelewa Uislamu wa Ulaya kuliko kwa mihadhara kumi. Msikiti unaoswaliwa ni wa Ibrahim Pasha, wa karne ya 16, ndani ya Mji Mkongwe. Ingieni kwa adabu, mswali, muwasalimie wenyeji. Mkiwa na nguvu za miguu, karibu na Mandraki kuna makaburi ya Waislamu na kaburi la amiri wa bahari Murad Reis, aliyefariki mwaka 1609. Waombeeni waliolala pale, mwende zenu.

Kos ni kisiwa chepesi zaidi kwa watoto. Mti wa Hippocrates, wanaosema alifundishia chini yake, una umri wa miaka kama 500 tu, na yeye aliishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwa hiyo hesabu yenyewe ni zoezi zuri kwa mtoto wa darasa la tano. Waambieni kwamba huyu ndiye Bukrati wa vitabu vya Kiarabu. Baghdad katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo, alikuwa kinara wa kutafsiri vitabu vya Wayunani kwa Kiarabu, na matabibu kama Al-Razi na Ibn Sina wakajenga juu ya elimu hiyo, wakaisahihisha pia. Pembeni ya mti huo pana msikiti wa Gazi Hasan Pasha wa mwaka 1786. Msikiti mwingine, wa Defterdar, ulioko uwanja mkubwa wa mji, uliangukiwa na mnara wake katika tetemeko la ardhi la Julai 2017 lililoua watu wawili.

Asklepieion iko kilomita kama 4 nje ya mji, na basi la watalii hupita kijiji cha Platani bila kusimama, au husimama kwa ajili ya chakula tu. Platani ndicho kijiji cha Waislamu wa Kos. Kina msikiti wake na makaburi yake.

Kuna jambo moja zaidi la Kos, na sioni vipi Muislamu apande boti ya Bodrum bila kulikumbuka. Ule mkondo wa bahari ndio alikozama Alan Kurdi, mtoto wa Kisyria, pamoja na mama yake na kaka yake, tarehe 2 Septemba 2015. Walikuwa wanakwenda Kos. Mtalii mwenye viza huuvuka kwa feri akinywa soda, na baba yule aliwapandisha wanawe mpira wa hewa usiku. Wasyria hawakuwa peke yao katika njia hizo. Wakimbizi wa Kongo, wasemaji wa Kiswahili wakiwamo, walifika Lesbos na Samos kwa njia kama hiyo. Siwaambii mwende na huzuni siku nzima. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili anayeuliza kwa nini mlinzi wa mpaka alizitazama pasipoti zenu muda mrefu anastahili jibu la kweli.

Na kuhusu pasipoti, wenye pasipoti za nchi zetu wanahitaji viza ya Schengen, isipokuwa wenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen. Ile viza ya haraka iliyoanza mwaka 2024 bandarini ni ya raia wa Uturuki, msidanganywe na wauza tiketi. Na mkitokea Uturuki, hakikisheni viza yenu ya huko ni ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo jioni mtakwama upande wa pili.

Chakula kisiwatie hofu. Nyama ya mishikaki mitaani mara nyingi ni ya nguruwe, neno lao ni "hirino", lishikeni. Samaki wa kuchoma, maharage makubwa ya mchuzi wa nyanya na mboga za majani vipo kila mahali. Mkiuliza chakula cha "nistisimo", yaani kile wanachokula Wakristo wao wakiwa katika mfungo, mtapata kisicho na nyama wala maziwa. Ulizeni pia kama mvinyo umetiwa katika mchuzi. Kuhusu kuchanganya na kupunguza sala, madhehebu yanatofautiana, mwulizeni sheikh wenu kabla ya safari, msije mkabishana bandarini.

Ombi langu la mwisho ni kwa kamati za misikiti na vyama vya wanafunzi vinavyokusanya fedha za safari za vijana. Kabla ya kulipa, iandikieni kampuni ya ziara mambo mawili: basi lisimame Platani nusu saa, na Rhodes maktaba iingizwe katika ratiba, si katika muda wa maduka. Mwombeni na mwongozaji awaeleze, kwa maneno yake mwenyewe, Waislamu wa kisiwa hiki wanaishi vipi leo. Wengi wao wamezaliwa pale pale na wana majirani Waislamu. Wanajua mengi, ila hakuna aliyewauliza.

Wassalaam alaykum warahmatullah.