Bahari Ilimbeba, Ziwa Likamwachia

Wazazi wenzangu, juzi nusura tupate msiba.

Mwanangu wa miaka 10 alijifunza kuelea Nyali, Mombasa, tulipokwenda likizo kwa bibi yake. Akilala chali juu ya maji kama yuko kitandani. Tuliporudi Uingereza tukaenda ziwani, naye akajilaza vilevile. Miguu ikazama, maji yakamwingia puani, akaanza kutapatapa. Alhamdulillahi, baba yake alikuwa hatua moja tu kando yake.

Njiani akaniuliza: "Mama, mbona bahari ilinibeba na ziwa likaniachia?"

Nyumbani tukachukua glasi mbili za maji na mayai mawili mabichi. Ya kwanza hatukuitia kitu, yai likazama. Ya pili tukaikoroga chumvi, kijiko baada ya kijiko. Kufika vijiko vitatu vikubwa hivi, yai likapanda juu lenyewe.

Siri yake ni hii. Chumvi ikiyeyuka huyaongezea maji uzito bila kuongeza sana ujazo wake. Lita ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Maji ya bahari kwa kawaida yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, na lita yake hufika kilo 1.025. Mtu akiingia majini, husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji aliyoyasogeza. Basi mtoto wa kilo 40 hupata baharini msaada wa kama kilo moja zaidi kuliko ziwani. Sokoni kilo moja si kitu, lakini majini huenda ndiyo inayoiweka pua juu.

Nanyi mlioko Dubai, Doha au Bahrain, Ghuba yenu ina chumvi zaidi, kama gramu 40 kwa kilo, kwa sababu jua huyafanya maji kuwa mvuke na mito ni michache. Wanenu wamezoea kubebwa zaidi.

Kwa hiyo mtoto aliyejifunzia baharini, akienda ziwani, mtoni au kwenye bwawa la kuogelea, mwanzisheni upya: maji ya kiunoni, mtu mzima karibu wa kumfikia kwa mkono. Na maziwa ya huku ni baridi hata kiangazi. Baridi hiyo hukata pumzi ghafla.

Jumamosi tunarudi ziwani, safari hii tukiwa na jaketi la kuokolea.