Tajiri na Mkopo Usioandikwa

Husemwa kwamba Marc Andreessen, mzaliwa wa Iowa huko Marekani, alijitajirisha kwa akili yake peke yake. Akili hakunyimwa, upekee ndio uwongo. Mosaic, programu iliyowafungulia umati mlango wa intaneti mwaka 1993, aliitunga pamoja na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwa fedha za umma. Mtandao wenyewe aliubuni Tim Berners-Lee huko Geneva, na mwaka ule ule CERN ikawapa walimwengu wote bila malipo. Na Bina, nani amkumbukaye?

Mwaka 1994 Andreessen na Jim Clark waliunda kampuni. Hata jina la Mosaic walilichukua, mpaka chuo kilipopinga ndipo wakaiita Netscape. Agosti 1995 hisa zake zilitolewa kwa dola 28, zikafunga siku kwa zaidi ya 58. Kijana wa miaka 24 akawa tajiri. Tangu 2009 yeye ni mwekezaji, na mwaka 2023 alitoa ilani ya kutukuza soko huria, ambamo maadili ya teknolojia yametiwa katika kundi la maadui. Huyo ndiye aliyelelewa na hazina ya umma.