Barua ya Kenyatta na Ardhi ya Pwani

Katika barza zetu imekuwa ni ada, kila ikitajwa ardhi ya Pwani, atokee mtu aseme: "Sisi tuna barua ya Kenyatta!" Akishasema hivyo hujiona amemaliza maneno. Muulize barua hiyo yasemaje, utamwona ababaika. Silaha asiyoijua mwenyewe yamfaa nini?

Barua hiyo ipo, wala si hadithi. Tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana, na siku tatu baadaye ukatiwa saini mkataba wa kuuingiza mwambao wa maili kumi ndani ya Kenya. Kenyatta aliahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu na maofisa Waislamu penye Waislamu wengi, kwa kadiri itakavyowezekana. Juu ya ardhi aliahidi mambo matatu: hati za milki zilizokwisha andikishwa zitatambuliwa daima, kazi ya kuandikisha hati mpya itaendelea, na ikiwa Serikali itahitaji ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, italipa fidia kamili bila ya kuchelewa.

Basi tazameni vyema. Ahadi ya kwanza ni ya mwenye karatasi. Na karatasi hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba aende akalidai kwa maandishi. Aliyekwenda alipewa hati. Asiyekwenda, kwa kutojua au kwa kutoisikia khabari yenyewe, ardhi yake ilihisabiwa kuwa ni ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ya Serikali. Ndipo mtu akazaliwa, akazaa na akajukuu pahali pamoja, kisha akaitwa skwota. Huyo barua haikumwambia neno.

Lakini ahadi ya pili ilimhusu, na hapo ndipo penye deni. Kuandikisha hati mpya kulikuwa ndio mlango wa kumtoa katika dhiki. Badala yake, ardhi ya umma iligawiwa wakubwa na wajuaji kama sadaka ya harusi. Na tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Wako wasemao kuwa barua ilikufa pamoja na serikali ya Shamte, iliyopinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Hiyo ni hoja ya mdaiwa anayefurahia msiba wa mdai wake! Qur'ani imetuamrisha kutimiza ahadi, wala haikusema ahadi huanguka akianguka aliyeahidiwa. Na Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya mwenye kunyang'anya ardhi hata kiasi cha shubiri.

Ama onyo hilo halikuteremka kwa Serikali peke yake. Ni nyumba ngapi za Waislamu ambazo mzee amekufa miaka thalathini, hati ingali kwa jina lake, na mirathi haijagawiwa? Ndugu mkubwa huifungia kabatini, dada zake wakidai fungu lao huambiwa wana tamaa, kisha siku moja mnunuzi huja na matofali. Je, hapo amedhulumu Kenyatta?

Enyi wenye majumba, itoeni hati, mwende kwa kadhi, mgawe alivyogawa Mwenyezi Mungu, na kila mmoja aandikishe fungu lake. Na mwenye kuishi bila ya hati asikae akingoja. Yeye na jirani zake, Waislamu na wasio Waislamu, wadai kwa umoja na kwa maandishi ile ahadi ya pili. Aliyeandika ahadi huulizwa kwa maandishi yake. Nasi tutaulizwa kwa mali ya mayatima.