Usinionyeshe Rangi, Nionyeshe Chasisi

Wasee, leo tuongee kuhusu Land Rover za wazee wetu. Mnajua zile video: gari kuukuu linaingia gareji limechoka, muziki unapigwa, sekunde 30 baadaye linatoka liking'aa kama jipya. Komenti zinajaa moto. Mimi kazi yangu ni video, kwa hivyo naelewa mbona zinapendwa. Lakini msimamo wangu ni huu: nyingi ya hizo ni vipodozi tu, na hapa kwetu Mikinduri vipodozi vya gari vinaweza kuua mtu.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu huku Land Rover si pambo la wikendi. Tigania na Igembe bado zinabeba miraa, magunia na watu, kwenye miteremko ya Nyambene, mvua ikinyesha. Mama aliyekaa nyuma na mtoto hajali kama rangi ni ya kijani ya zamani au ya kisasa. Anachotaka ni kufika.

Sasa sikiza venye hili gari limeundwa. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, lakini alumini ilipatikana. Basi mabawa, boneti na ngozi za milango zikatengenezwa kwa alumini. Mtindo huo ukaendelea kwa Series II ya 1958 mpaka Series III iliyoanza 1971. Ndiyo maana unaweza kuona bodi ya zaidi ya miaka 50 imebonyea kila mahali na bado haina kutu.

Lakini chini ya hiyo alumini kuna chuma. Chasisi ni chuma, tena iko wazi ndani kama bomba la pembe nne. Matope yanaingia, yanakaa, yanaila kutoka ndani. Ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva pia ni chuma, na ndio unashika bawaba za milango na kioo cha mbele. Hapo ndipo gari linaoza huku nje linakuchekea.

Na alumini yenyewe ina maringo yake. Fundi akipachika kipande cha bati la chuma moja kwa moja juu yake, maji yakiingia katikati, alumini inaanza kuliwa na kuwa unga mweupe. Ukiipiga praima ya kawaida, rangi inatoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Ile mashine ya kuchomelea mageti ukiileta hapo, unatoboa tu. Hata sumaku, ile wanunuzi wengi wanatumia kutafuta puti, hainasi kwa alumini, kwa hivyo mlangoni haikuambii kitu. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chasisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lililojaa mchanga.

Najua mtaniambia, "Buda, hiyo kazi ni pesa, wapi doo?" Ni kweli. Kukata kutu, kuchomelea chuma kipya na kupaka dawa ya kuzuia kutu kunakula siku nyingi, na mwisho wake hakuna cha kupiga picha. Ndiyo maana fundi anaambiwa, "Wewe jaza puti, piga rangi, tumalize." Mimi nasema pindua hiyo bajeti. Msimu huu tengeneza chasisi, msimu ujao ule ukuta, rangi ije ikitaka. Bawa lililobonyea halijawahi kuua mtu. Chasisi iliyokatika mteremkoni ni hadithi nyingine.

Halafu tuheshimu wenye hii kazi. Mimi niliacha chuo, na nimesikia sana ati gareji ni ya waliofeli. Kaa siku moja na fundi wa bodi anayejua kupima chasisi kwa uzi na kunyoosha alumini bila kuichana, halafu uniambie amefeli nini. Oktoba 2024 wenzetu walikusanya mamia ya Land Rover Arusha, wakafanya sherehe kabisa. Sisi tunazo hapa barabarani, zinafanya kazi, na wanaozijua ndani nje ni wazee wanaozeeka nazo. Tusipojifunza kutoka kwao sasa, tutabaki na picha.

Kwa hivyo ukiona Land Rover inang'aa kwa simu yako, kabla hujaweka moto, uliza kwa komenti: chasisi iko wapi? Mwenye kazi safi atakuonyesha na furaha.