Baba akiugua, nani atamuuguza?

Juzi nilimuuliza mama swali ambalo hakulipenda: baba akipata corona, nani atamuuguza? Akanijibu palepale, “Mimi, nani mwingine?” Mama ana miaka 58 na kisukari.

Nadhani nyumba nyingi ziko hivyo. Kazi ya kuuguza inamwangukia mama au bibi kwa mazoea tu, ilhali huenda ndiye ambaye ugonjwa huu utamuumiza zaidi. Mchagueni mtu sasa, kabla homa haijaingia: mmoja tu, mwenye afya, asiye na kisukari, presha wala pumu. Kwetu amechaguliwa mdogo wangu wa kiume, ingawa uji wake una mabonge.

Mnaoishi chumba na sebule, mgonjwa apewe chumba, wengine mlale sebuleni. Chumba kikiwa kimoja, kitanda chake kiwe karibu na dirisha, na dirisha libaki wazi. Nyote vaeni barakoa. Sahani, kikombe na taulo lake asitumie mwingine. Kuviosha, sabuni ya kawaida na maji vinatosha.

Dawa za akiba si nyingi. Panadol, ORS, na dawa za kila siku za wenye presha na kisukari za kutosha mwezi. Mtoto hupimiwa panadol kwa uzito wake, na asipewe aspirini. Antibiotiki msinunue za kuweka kabatini, kwani haziui virusi.

Wenye uwezo wanunue kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobana kidole. Futeni kwanza rangi ya kucha, na kidole chenye piko msikitumie, maana vyote viwili vinaweza kudanganya kipimo. Kikisoma chini ya 94, mpigieni daktari. Lakini msisubiri kipimo kama mgonjwa anapumua kwa shida, kifua kinambana bila kuachia, amechanganyikiwa au haamki vizuri. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Na hapo linakuja jambo ambalo wengi tunalisahau: usafiri. Tafuteni mapema dereva wa bajaji au teksi, mumweleze ukweli kwamba huenda mkampigia saa nane usiku akiwa na mgonjwa wa corona wa kubeba. Wa kwanza niliyemuuliza mimi alikataa. Wa pili alikubali, ila alitaka barakoa mbili na madirisha wazi. Namba yake mama ameibandika nyuma ya mlango.